Chumba cha Siri Kinasubiri Mgeni Rasmi

Haya, kaeni vizuri, na mwenye kikombe cha chai akishike asije akakimwaga. Kulikuwa na nchi moja, si hii yetu, yetu haina mambo kama haya. Jina lake silitaji kwa sababu lilikuwa bado halijazinduliwa. Lilitungwa zamani, likaandikwa kwenye bango, bango likafunikwa kitambaa, na mgeni rasmi wa kulifunua akapata majukumu mengine ya kitaifa. Wananchi wakaendelea kuiita "hapa".

Katika nchi hiyo kitu hakikuhesabika kuwa kipo mpaka kizinduliwe. Bomba lilikuwa na maji, lakini lilifungwa utepe, basi akina mama wakalipita na ndoo zao kwa heshima na kwenda kuchota bondeni pamoja na ng'ombe. Daraja lilisimama zuri juu ya mto, watu wakavuka chini yake wamekunja suruali. Chumba cha maiti cha hospitali ya wilaya nacho kilikuwa na utepe wake, na marehemu wakaombwa wavumilie. Marehemu hawakulalamika, na Serikali ikawapongeza kwa uzalendo.

Sasa, katika Shule ya Msingi Tutafika kulikuwa na mwalimu mmoja aitwaye Somoe Kilindo. Huyu alikuwa mnasihi wa shule. Kazi yake ilikuwa kuwasikiliza watoto: aliyefiwa, anayelala na njaa, anayepigwa nyumbani, anayeogopa kitu asichoweza kukisema. Alisomea kazi hiyo chuoni, akafundishwa kwamba mnasihi anahitaji vitu viwili tu, sikio na siri. Sikio alikwenda nalo mwenyewe. Siri, aliambiwa, Serikali itamjengea.

Na Serikali ikajenga kweli, tusiisingizie. Kilijengwa chumba kizuri cha rangi ya samawati, madirisha yana mapazia, ndani viti viwili vya kutazamana, mlango wa mninga wenye kitasa kinachofunga. Juu ya mlango pameandikwa CHUMBA CHA UNASIHI. Na mlangoni, kutoka mwimo hadi mwimo, utepe mwekundu.

Wakati mgeni rasmi anatafutwa, Mwalimu Somoe alipewa nafasi ya muda kwenye upenu wa jiko la shule, baina ya kuni na masufuria. Ya muda. Muda wenyewe haukutajwa.

Basi siku moja yuko upenuni na mtoto wa darasa la tatu.

"Ulianza lini kukojoa kitandani, baba?" akamuuliza kwa kunong'ona kabisa.

"Tangu mama alipoondoka," mtoto naye akanong'ona.

"Afungwe chura kiunoni!" akadakia Bi Asumini, mpishi, huku anasonga ugali. "Wa kwangu nilimfunga chura, akaacha siku hiyo hiyo!"

"Bi Asumini, tafadhali, hapa tuko kwenye unasihi."

"Na mimi si ndiyo nanasihi? Mwenzangu umenizidi mshahara tu."

Ugali ulipoiva, foleni nzima ya chakula ilikuwa inalia kama vyura. Yule mtoto hakurudi upenuni tena. Mwalimu Somoe akakaa kwenye gogo lake, akatazama kile chumba cha samawati ng'ambo ya uwanja, mapazia yake yanapepea peke yake humo ndani. Alijisikia kama fundi cherehani aliyenyimwa sindano, kisha akaulizwa mbona watu wanatembea uchi.

Msidhani kukaa upenuni ndiyo kazi yake yote. Alifundisha pia hesabu darasa la tano na la sita, aligonga kengele, alikagua vyoo, alifunga vidonda, na kwa kuwa alikuwa mwanamke, alipika chai ya wageni. Unasihi aliufanya katika nafasi iliyobaki, kama mtu anavyokuna mgongo.

Mwalimu Mkuu, Bwana Chitanda, alimpenda sana mnasihi wake. Alikuwa akimchapa mtoto viboko, kisha anampeleka kwa Mwalimu Somoe akapoe. Lakini kuna jambo lilikuwa likimkera.

"Mwalimu Somoe, unakaa na watoto wangu mnanong'ona. Mnanong'ona nini?"

"Ni siri zao, Mwalimu Mkuu."

"Mimi ni baba wa shule. Baba anafichwa?"

"Mtoto akijua nitakuletea, hatasema."

"Basi asiposema, hana tatizo," akasema Bwana Chitanda, uso wote umechanua. "Unaona tulivyolimaliza?"

*

Alikuwapo mwanafunzi mmoja wa darasa la sita, Havijawa. Hesabu alikuwa anazitafuna. Tangu likizo iliyopita alikuwa ameacha kuzitafuna. Alikaa dawati la nyuma, sweta limevutwa mpaka kwenye vidole hata jua likiwa kali. Mara kwa mara alikuja mpaka ukingoni mwa upenu, akamtazama Bi Asumini, akawatazama wapishi wenziwe, akageuka.

Siku moja Mwalimu Somoe akamfuata mpaka kwenye mpapai.

"Havijawa, mwanangu, nani kakukosea?"

Mtoto akachora chini kwa kidole cha mguu. "Mwalimu, siku ukipata mlango nitakwambia."

"Mlango?"

"Wa kufunga." Kisha akasema haraka haraka, "Ila iwe kabla shule haijafungwa. Shule ikifungwa naenda kwa mjomba."

Mama yake Havijawa alikuwa anauza dagaa mji wa mpakani, na kila likizo alimwacha binti kwa kaka yake, Bwana Likwata. Nani hakumjua Bwana Likwata? Ndiye aliyekodisha viti na mahema wilaya nzima. Umefiwa, umekalia kiti chake. Umeoa, umekaa chini ya hema lake. Alikuwa na mvi nzuri kama pamba, na watu walimwamkia wameinama. Lakini Mwalimu Somoe aliona namna yule mtoto alivyolitamka neno "mjomba". 

Akaenda moja kwa moja ofisini.

"Mwalimu Mkuu, naomba ufunguo wa chumba. Nusu saa tu. Utepe nitapita chini yake, sitaugusa."

Bwana Chitanda akasimama kama mtu aliyeombwa aishushe bendera. "Utepe ule ni wa Serikali, Mwalimu!"

"Kuna mtoto ana jambo."

"Na mimi nina watoto! Nikifukuzwa watakula utepe?"

"Basi nipe ofisi hii."

"Ofisi nayo haina mlango, wameung'oa wakautia kule kwenye chumba chako. Shukuru."

Mwalimu Somoe akaandika wilayani. Wilaya ikaandika mkoani. Mkoa ukaandika wizarani. Na Wizara, kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana, ikamletea mtafiti.

Mtafiti alikuwa kijana mtanashati wa Idara ya Kujihisi Kufaa. Wizara ilikuwa imegundua kwamba wanasihi wa nchi nzima wanajihisi hawafai, na ilitaka kujua kwa nini. Akamsimamisha Mwalimu Somoe katikati ya uwanja.

"Mwalimu, kufaa kwako katika kazi kumefika wapi? Tuonyeshe kwa mkono. Magotini? Kiunoni? Kifuani?"

Mwalimu Somoe akainama, akaonyesha kifundo cha mguu.

"Chini ya goti hatupokei," akasema mtafiti kwa upole.

"Basi andika goti. Lakini andika na sababu: sina chumba, sina muda, siri za watoto zinapikwa pamoja na ugali. Sababu ni mlango, mwanangu. Nifungulieni mlango ule pale, nitakuonyesha kifua."

Mtafiti akacheka kwa huruma, kama anavyochekwa mgonjwa anayejitajia dawa. "Hilo tumelichunguza sana, Mwalimu. Tumegundua kuwa mnasihi anayejua kwamba hana chumba anajihisi hafai kuliko yule asiyejua. Kwa hiyo tatizo si chumba. Tatizo ni kujua."

"Sasa mtanisaidiaje?"

"Tumekuletea semina."

Semina ilifanyika chini ya hema la Bwana Likwata. Wanasihi wa wilaya nzima walifundishwa kujipigapiga kifuani kila asubuhi na kusema, "Ninafaa, ninafaa, kesho nitafaa zaidi." Aliyepiga kwa nguvu zaidi alipewa fulana. Mwalimu Somoe aliporudi shuleni akamkuta Havijawa amesimama karibu na ule utepe, anautazama. Mtoto hakuuliza kitu. Na hicho ndicho kilichomwuma mwalimu kuliko semina yote.

*

Ghafla, habari njema! Mgeni rasmi kapatikana. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Kigamba, Waziri wa Elimu, Maadili na Vifijo, atakizindua chumba siku ile ile ya kufunga shule.

Shule haikusoma tena. Darasa la kwanza walipaka mawe chokaa. Darasa la nne walipaka miti chokaa. Mbuzi wa Bi Asumini alisimama vibaya naye akapakwa. Mwalimu Somoe akahesabu moyoni: Waziri akikata utepe asubuhi na kuondoka, mchana atapata chumba, atamwingiza Havijawa, atafunga kitasa. Na mjomba akija jioni, atakuwa amekwisha jua la kufanya.

Ndipo Bwana Chitanda akamwita, ameshika ratiba.

"Mwalimu, Wizara inataka mnufaika."

"Mnufaika wa nini? Chumba si hakijatumika?"

"Ndiyo maana tumechagua wa mfano. Yule binti wa darasa la sita anayezungukazunguka mlangoni. Mtapanda jukwaani baada ya hotuba, utamnasihi mbele ya Mheshimiwa kwa kipaza sauti. Alie, lakini asilie sana, tuna wageni."

"Mwalimu Mkuu, mtoto yule hawezi kusema mbele ya wapishi. Atasemaje mbele ya wilaya?"

"Kwani tatizo lake ni nini? Ukilisema tutampata mwingine mwenye tatizo dogo."

"Sijui tatizo lake. Na ningejua nisingekwambia."

"Basi ratiba imekwisha chapwa," akasema Bwana Chitanda. Na katika nchi ile, ratiba iliyochapwa hata kifo huisubiri.

Siku ikafika. Uwanja ulijaa viti vya Bwana Likwata, na mwenyewe kakaa safu ya mbele ndani ya kanzu nyeupe pe, pembeni ana begi la Havijawa, tayari kwa safari. Ngoma zikapigwa. Mheshimiwa Kigamba akapanda jukwaani, mtu mkubwa, na yeye ana mvi zake. Mwalimu Somoe na Havijawa wakaambiwa wangoje nyuma ya jukwaa, pale palipopangwa spika, maboksi meusi marefu kuliko mtu, jenereta linanguruma kando.

"Ndugu wananchi!" akaanza Waziri, na mabati ya madarasa yakatetemeka. "Serikali yenu ni sikivu! Inasikia! Inasikia hata yale msiyoyasema!"

Havijawa alikuwa anatetemeka pamoja na mabati. "Mwalimu, sipandi!" akalia.

Mwalimu Somoe aliona mdomo ukichezacheza, sauti hakuipata. Akainama, akaweka sikio. "Sema tena!"

"Sipandi!"

"Hupandi! Nitapanda peke yangu, nitaimba!"

Mtoto akamtazama. Akageuza kichwa huku, akageuza kule. Walinzi walikuwa hatua chache tu, wanapiga miayo, hawasikii kitu. Bi Asumini alikuwa karibu, kaziba masikio kwa khanga. Katika nchi nzima ile palikuwa na mahali pamoja tu ambapo mtu angesema jambo lake lisisikike na mwingine, napo ni nyuma ya spika za Waziri. Na Havijawa, ambaye hesabu alikuwa anazitafuna, akaijua hesabu hiyo kabla ya mwalimu wake.

Akamshika Mwalimu Somoe shingoni, akaweka mdomo sikioni mwake, akasema. Alisema yote. Sisi hatukusikia, wala tusitamani kusikia.

Mbele Waziri alikuwa anaeleza historia ya milango duniani. Ratiba ilisema hotuba fupi, na Bwana Chitanda, mtu wa kufuata ratiba, alikuwa amenunua mafuta ya jenereta ya hotuba fupi.

Mtoto alipomaliza, Mwalimu Somoe alimkumbatia, na hasira ikampanda kutoka kwenye kisigino. Akampigia kelele sikioni, kwa kuwa bila kelele asingesikika:

"Nimekusikia mwanangu! Kosa si lako! Kwake huendi tena, narudia, huendi! Mtu mzima yule—"

Hapo jenereta likakohoa, likazima.

"—ana mvi mpaka masikioni, watu wanamwinamia wakidhani ni mtu, kumbe hana haya hata chembe! Hafai kuachiwa hata mbuzi!"

Kimya. Mbuzi mwenye chokaa akalia mara moja, naye akaona aibu.

Uwanja mzima ukageuka kuzitazama nywele za Mheshimiwa Waziri. Mheshimiwa akapandisha mkono polepole, akazigusa, kama anahakikisha kwamba ni zake. Katika nchi ile mvi za kuinamiwa zilikuwa nyingi, lakini siku ile zilizokuwa jukwaani ni za mtu mmoja. Kila mtu alijua zimesemwa zipi. Wengine walikuwa wamelisubiri neno lile miaka, wakafunika midomo kwa mikono, mabega yanacheka.

Mtu mmoja tu hakumtazama Waziri. Itifaki ya nchi ile inakataza kusimama kabla ya mgeni rasmi. Bwana Likwata akasimama. Akaliacha begi pale pale, akapita katikati ya viti vyake mwenyewe, akiviangusha, akatoka getini bila kuaga. Aliyemwona ni Mwalimu Somoe, kwenye mwanya baina ya spika. Havijawa naye alimwona; akaachia mikono ya sweta aliyokuwa ameikunjia ngumi.

Waziri aliondoka kwa ving'ora. Utepe haukukatwa.

*

Mchana ule ule Mwalimu Somoe alimshika mtoto mkono, wakapita kituo cha polisi. Dawati la Watoto lilikuwapo, jipya, limefunikwa kitambaa.

"Mpaka lizinduliwe, mama," askari akamwambia, na tusimsingizie, alisikitika.

Wakapanda basi mpaka mji wa mpakani. Havijawa alimweleza mama yake mwenyewe, nyuma ya magunia, mwalimu amekaa kando hatii neno.

"Kaka yangu?" mama akauliza. "Likwata, tumbo moja na mimi?"

Mtoto akaitikia kwa kichwa.

 Mama alifunika dagaa zake kwa turubai, akafunga kamba, akaifunga tena. "Hutoki hapa," akasema. "Tutalala kwenye magunia wote wawili, na shule utasoma ya hapa. Na mimi na Likwata tutaonana, kwanza acha mikono iache kutetemeka."

Mwalimu Somoe aliporudi, alikuta mlangoni kwake mapapai, mayai, na kuku aliyefungwa miguu. Watu aliowajua na asiowajua walimshika mkono njiani, wanatazama huku na huku. "Umetusemea, mwalimu," wanamnong'oneza. "Ulivyomchana yule! Eti hafai kuachiwa mbuzi!" Yeye ambaye kwa mwaka mzima aliomba watu waje wazungumze naye, sasa wanakuja kwa foleni, na hakuna hata mmoja aliyekuja kwa lile alilolifanya.

Kisha ikaja Kamati ya Heshima kutoka wizarani. Wakaketi ofisini kwa Bwana Chitanda, Mwenyekiti katikati, na yule mtafiti mtanashati pembeni anaandika.

"Mwalimu Kilindo, ulikuwa unamsema nani?"

"Sema ulikuwa unamsema mumeo, yaishe," Bwana Chitanda akambembeleza. "Mwanamke kumsema mumewe ni jambo la kawaida, kila mtu ataelewa."

Mwalimu Somoe akaona mlango wa kutokea. Akafungua kinywa.

"Ingawa," akasema Mwenyekiti, "kama anayesemwa si Mheshimiwa, itabidi tupate ushahidi. Yule binti uliyekuwa naye tutamleta hapa mbele ya Kamati, aseme mlikuwa mnamzungumzia nani, na kwa sababu gani."

Mwalimu Somoe akafunga kinywa. Akaitazama Kamati, mtu mmoja mmoja. Walikuwa watu wa kawaida tu, mmoja ana mafua.

"Hakuna haja ya kumleta mtoto," akasema. "Nilimsema Mheshimiwa Waziri."

"Kwamba hana haya?"

"Hata chembe."

"Na kuhusu mbuzi?"

"Asiachiwe."

Bwana Chitanda akajishika kichwa. Kamati ikafurahi, kwa maana kazi imekuwa rahisi. Wakamvua unasihi na ualimu siku hiyo hiyo. Lakini kabla ya hapo walimuuliza mengi, kwa ajili ya kumbukumbu za taifa. Kwa nini alitaja masikio? Alisimama umbali gani na Serikali? Nani alinunua mafuta ya jenereta? Mbuzi ni wa chama gani? Mtafiti naye akamwomba aonyeshe kwa mkono hasira yake ilifika wapi, na safari hii alikubali kipimo cha juu ya kichwa.

Mwalimu Somoe aliyajibu yote. Kulikuwa na swali moja, mtoto alikwambia nini, alilokuwa amejiandaa kulikataa njia nzima, hata wangemfunga, kwa sababu jibu lake halikuwa lake. Akalingoja.

Mwenyekiti akapekua ajenda. "Tumefika Mengineyo," akasema. "Kuna mwenye mengineyo?"

Wakatazamana. Wakafikiri kwa dhati kabisa, mwenye mafua akapenga.

Hapakuwa na mengineyo. Wakafunga kikao, wakaenda kunywa soda.